Viyoyozi vinavyoangusha breka: Hasara huanza kwenye kubahatisha

KUANZIA Desemba hadi Machi, joto la Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa huichangamsha biashara ya viyoyozi. Mashine mpya hutoka kwa wingi katika maduka ya Kariakoo, mafundi huwa adimu, na vipuri huulizwa kila siku. Ni katika msimu huo huo ambapo wenye nyumba za wageni, saluni, maduka ya dawa na nyumba za kupangisha hutoa lalamiko la aina moja: kiyoyozi kinawashwa, chumba kinaanza kupoa, kisha breka inashuka. Inapandishwa, inashuka tena.

Anachofanya mwenye mali katika saa hiyo ndicho kinachoamua kama atalipa bei ya kipuri kidogo au bei ya mashine nzima. Kwa kawaida hufuata moja ya njia tatu: hununua breka kubwa zaidi, humwita fundi "ajaze gesi", au hukubali kuambiwa kwamba kompresa imekufa. Zote tatu ni matumizi ya mtaji kabla ugonjwa haujajulikana. Ile ya kwanza ndiyo nafuu kuliko zote, na ndiyo inayoweza kuunguza nyumba.

Kwa mfanyabiashara suala hili si la ufundi peke yake. Chumba cha wageni kisicho na ubaridi mwezi Februari hakipangishiki kwa bei iliyobandikwa ukutani. Duka la dawa lenye makasha yaliyoandikwa kwamba dawa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30 za Selsiasi haliwezi kukaa siku mbili likimngoja fundi bila kuhatarisha bidhaa zake. Kwa hiyo haraka ipo, na haraka hiyo ndiyo inayowapa watu wengine soko.

Kazi ya breka

Sakiti breka haikuwekwa ili ikilinde kiyoyozi. Imewekwa ili iulinde waya uliomo ukutani. Ndani yake mna walinzi wawili. Wa kwanza ni kipande cha metali mbili zilizobandikwa pamoja, ambacho hupinda taratibu kinapopashwa joto na mkondo wa umeme uliozidi kiwango. Huyu ana subira. Wa pili ni koili ya sumaku, ambayo huivuta swichi chini mara moja mkondo unaporuka ghafla na kufika mara kadhaa ya kiwango. Huyu hana subira hata kidogo.

Kwa viwango vya kimataifa vya breka za majumbani, breka ya ampea 20 inatakiwa iuvumilie mkondo wa ampea 22.6 kwa saa nzima bila kushuka, lakini ikibebeshwa ampea 29 iwe imeshuka kabla ya saa moja kwisha. Kiyoyozi kinachokata umeme baada ya dakika 40 na kile kinachokata papo hapo ni wagonjwa wa magonjwa mawili tofauti, hata kama wenyewe wanaeleza kwa maneno yale yale kwamba "AC inakata umeme". Fundi anayeijua kazi yake huanza kwa kuuliza mashine inakata baada ya muda gani. Anayeanza kwa kufungua boksi lake la gesi afaa kutazamwa mara mbili.

Papo hapo

Kama breka inashuka mara tu inapopandishwa, na kiyoyozi hakijawashwa hata kwa rimoti, hapo kuna shoti. Huenda panya ametafuna waya darini, huenda msumari wa pazia umechoma waya ukutani, au waya unaounganisha mashine ya ndani na ile ya nje umechakaa kwa jua hadi ganda likapasuka. Kipimo chake ni rahisi: fundi umeme huzima meni swichi, huzifungua waya zinazoingia kwenye kiyoyozi na kuzitenganisha, kisha huwasha tena. Breka ikikaa, ugonjwa uko kwenye mashine. Ikishuka, uko kwenye waya au kwenye breka yenyewe, na hakuna sababu ya kumlipa fundi wa viyoyozi.

Kwa mashine za inveta, shoti ya namna hii mara nyingi hutokea kwenye bodi ya umeme, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Bodi si kipuri cha bei ndogo, lakini bado si mashine nzima.

Kompresa inapoanza

Hali ya pili ni ile ambayo feni ya ndani inazunguka vizuri kwa dakika mbili tatu, mlio mzito unasikika nje, kisha breka inashuka. Hapa ndipo kompresa nyingi ambazo hazijafa huzikwa.

Mota ya kompresa ya kawaida, yaani isiyo ya inveta, inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa, takriban mara nne hadi sita ya ule inaotumia ikiwa imeshatulia. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia kama ampea 5 kwenye umeme wa volti 230. Cha BTU 18,000 hutumia kama 8, na cha BTU 24,000 kama 11. Kwa hiyo mashine ya BTU 24,000 inaweza kugusa ampea 50 au 60 kwa kitambo kifupi sana inapoanza. Ikiwa breka yake imeandikwa B16, mlinzi wa sumaku anaruhusiwa kuishusha mahali popote kati ya ampea 48 na 80. Breka ya C16 yenye ukubwa uleule haiguswi na sumaku hadi mkondo upite 80. Herufi hiyo moja, ambayo wanunuzi wengi hawaitazami na wauzaji wengi hawaielezi, inatosha kuleta ugomvi wa miezi mitatu baina ya mpangaji na mwenye nyumba.

Mtuhumiwa mwingine wa hatua hii ni kapasita. Ni kikopo kidogo cha bati au plastiki ndani ya mashine ya nje, na kazi yake ni kuisaidia mota ipate msukumo wa kuanza na kuzunguka. Joto humchosha. Akivimba kichwani, akivuja mafuta, au akipimwa na kukutwa na mikrofaradi chache kuliko zilizoandikwa kwenye ubavu wake, kompresa hubaki ikinguruma mahali pamoja bila kuzunguka, huku ikivuta mkondo ule mkubwa wa kuanzia mfululizo. Breka haina budi kushuka. Kapasita ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika kiyoyozi, na hubadilishwa kwa muda mfupi. Hata hivyo si kazi ya mwenye nyumba, kwa sababu kapasita hutunza umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na umeme huo unaweza kumrusha mtu.

Umeme wenyewe nao huchangia. Katika mitaa iliyo mwisho wa laini, ambako jioni volti hushuka, kompresa hukosa nguvu ya kuanza na hivyo huendelea kuvuta mkondo mkubwa kwa muda mrefu zaidi. Mashine inayotumia wati 1,200 huhitaji ampea 5.2 kwenye volti 230, lakini kwa kazi ileile kwenye volti 180 itahitaji karibu 6.7. Wakazi wa Tanzania waliopitia migawo ya umeme ya mwaka 2006, ya 2011 na ile ya mwishoni mwa 2023 wanaikumbuka dakika ile umeme unaporudi: kila friji na kila kiyoyozi mtaani huanza kwa pamoja. Isitoshe, kompresa iliyozimwa ghafla huhitaji kama dakika tatu ili shinikizo la gesi lisawazike pande zote mbili. Ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo, inasukuma ukuta. Mashine nyingi za kisasa hujichelewesha zenyewe; kwa zisizojichelewesha, kifaa kile ambacho madukani huitwa gadi hufanya kazi hiyo, na pia huikatia mashine umeme volti zinaposhuka mno.

Baada ya nusu saa

Hali ya tatu ndiyo inayowasumbua wengi, na ndiyo yenye majibu ya gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kiyoyozi kinafanya kazi asubuhi bila matatizo. Saa saba mchana, jua likiwa kali, breka inashuka. Ikiachwa ipoe, inakubali kupanda, kisha baada ya muda inashuka tena.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huhamisha joto la chumbani na kulitupa nje. Mashine ya nje ikishindwa kulitupa, shinikizo la gesi hupanda, kompresa hufanya kazi nzito zaidi, na mkondo hupanda nao. Kinachoizuia mara nyingi ni uchafu: vumbi la barabara, manyoya, nailoni, na kwa nyumba za Masaki, Kigamboni au Nungwi, chumvi ya bahari inayokula mapezi ya alumini hadi yakabomoka yakiguswa. Kingine ni mahali ilipofungwa. Katika vichochoro vya katikati ya jiji huonekana mashine kumi zimepangwa zikitazamana ukuta kwa ukuta, kila moja ikivuta hewa ya moto iliyotemwa na jirani yake. Wapo pia wanaoijengea mashine kizimba kwa kuogopa wezi, jambo lisilo na ubaya kikiwa cha nondo zilizoachana, lakini wengine huzungushia mabati na kuacha upenyo mdogo tu. Mwizi hapiti, na hewa nayo haipiti.

Kusafisha mashine ya nje kwa maji ya kawaida yasiyo na shinikizo kubwa, umeme ukiwa umezimwa kabisa, pamoja na kuosha chujio la mashine ya ndani, ni kazi inayopaswa kutangulia ununuzi wa kipuri chochote. Feni ya nje nayo itazamwe kama inazunguka kwa kasi yake ya kawaida. Ikizembea, matokeo ni yale yale.

Ikiwa mashine ni safi na bado inakata, macho yahamie kwenye waya. Mfano wa saluni unaeleza vizuri. Kiyoyozi cha BTU 18,000 kinachotumia ampea 8 kimechomekwa kwenye laini ya soketi za kawaida. Kwenye laini hiyo hiyo kuna birika la wati 2,000, ambalo ni karibu ampea 9, na mashine mbili za kukaushia nywele za wati 1,000 kila moja, ambazo kwa pamoja huongeza 9 nyingine. Jumla ni ampea 26 kwenye breka ya 20. Breka hii haitashuka mara moja. Itangoja, itapata moto, na itashuka wakati wateja wamejaa, kwa kuwa ndipo vitu vyote vinne hutumika kwa pamoja. Kiyoyozi kinalaumiwa kwa sababu ndicho kinachosikika kikinyamaza. Mashine ya ukubwa huo yapasa iwe na laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka.

Jambo la mwisho katika kundi hili ni skrubu iliyolegea. Waya ambao haukubanwa sawasawa kwenye breka au kwenye swichi ya ukutani huzalisha joto pale pale kwenye kiungo, na joto hilo humdanganya mlinzi wa kwanza wa breka akadhani mkondo umezidi. Dalili zake ni plastiki iliyobadilika rangi, harufu ya kuungua, au breka moja kuwa ya moto kuliko wenzake. Kukaza skrubu hakuhitaji kipuri chochote. Kuiacha kumeshachoma maboksi mengi.

Breka kubwa

Hapa ndipo penye hatari ambayo msimamizi wa mali hana budi kuielewa hata kama hajui chochote kingine kuhusu umeme. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, unaotumika sana kwenye soketi na viyoyozi vidogo, hubeba kwa usalama kati ya ampea 20 na 27 kutegemea umepitishwa vipi ukutani. Breka ya 20 inaulinda. Mwenye nyumba aliyechoka kupandisha swichi akinunua breka ya 32 na kuifunga mahali pake, usumbufu hukoma siku hiyo hiyo na kila mtu hufurahi. Lakini kwa kipimo kilichotajwa hapo juu, breka hiyo inaruhusiwa kupitisha zaidi ya ampea 36 kwa saa nzima bila kushuka. Joto ndani ya waya haliongezeki sawa na mkondo. Mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Waya utaiva polepole ndani ya bomba, darini, karibu na mbao, na hakuna mtu atakayeuona.

Muuzaji wa vifaa vya umeme anayeulizwa breka kubwa ana swali moja la kuuliza kabla ya kupokea fedha: waya ni wa milimita ngapi? Anayeuza bila kuuliza anapata faida ya breka moja tu. Kuna pia breka bandia, ambazo namba iliyoandikwa juu haina uhusiano na kilichomo ndani. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango Tanzania zinahusika na bidhaa za namna hiyo, lakini mnunuzi aliye kaunta hulindwa zaidi na risiti na duka analoweza kulirudia.

Hadithi ya gesi

Maneno "gesi imeisha" yameshakula fedha nyingi za wapangishaji. Gesi ya kiyoyozi hailiki kama ya jikoni. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna tundu, ambalo lisipozibwa gesi mpya nayo itatoka. Zaidi ya hayo, mashine yenye gesi pungufu kwa kawaida hupoza vibaya na huvuta mkondo mdogo kuliko kawaida. Mara chache ndiyo inayoangusha breka. Gesi iliyozidi ndiyo hupandisha shinikizo na mkondo. Hivyo fundi anayeongeza gesi kwa kukisia kwenye mashine ambayo tatizo lake lilikuwa vumbi, huiacha na matatizo mawili na kulipwa kwa moja. Kiasi sahihi kwa gramu kimeandikwa kwenye kibao cha mashine, na kipimo chake ni mizani.

Kwenye kibao hicho hicho umeandikwa mkondo ambao mashine inapaswa kuvuta. Fundi mwenye mita ya kubana waya huulinganisha na unaovutwa kweli kwa muda wa dakika chache. Mita hiyo hubana waya mmoja tu. Ikibana zote mbili kwa pamoja itasoma sifuri, na kuna mashine zilizohukumiwa kwa kipimo cha namna hiyo.

Breka za usalama wa mtu, zile zenye kitufe cha kujaribia na maandishi ya miliampea 30, zina kesi yao. Hizo hazijali mzigo. Hushuka umeme unapovuja kwenda ardhini. Kiyoyozi kinachoziangusha siku za mvua kina unyevu mahali fulani, mara nyingi kwenye viungo vya mashine ya nje. Haifai kabisa kuziondoa ili mashine ifanye kazi.

Kompresa ikiwa imekufa kweli

Ipo siku kompresa huwa imekufa. Ushahidi wake hupatikana kwa kupima kama waya za mota zimegusana na bati la kompresa yenyewe, kwa kipimo cha mega cha volti 500. Zikigusana, hakuna dawa. Hapo hesabu ya mwekezaji ndiyo huanza, na jambo la kuangalia kwanza ni aina ya gesi.

Mashine nyingi za zamani, na za mtumba, hutumia R-22. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za kundi hilo kwa asilimia 35 kufikia 2020 na asilimia 67.5 kufikia 2025, kisha zibaki na kiasi kidogo tu cha matengenezo baada ya 2030. Anayeweka kompresa mpya kwenye mashine ya R-22 ananunua miaka michache ya kutegemea gesi inayozidi kuwa adimu. Kwa mashine ya R-410A au R-32 ambayo haijachakaa, kompresa inaweza kulipa, hasa kwa kuwa dhamana ya kompresa mara nyingi ni ndefu kuliko ya sehemu nyingine. Dhamana hiyo hupotea upesi mashine ikifunguliwa na mtu asiyetambuliwa na muuzaji, kwa hiyo karatasi isomwe kabla bisibisi haijatolewa. Ikumbukwe pia kwamba R-32 inaweza kushika moto, na haifai kuwekwa kwenye mashine iliyotengenezwa kwa gesi nyingine.

Kwa wenye vyumba vingi, kuna utaratibu usiogharimu kitu: kila matengenezo yaandikwe kwenye daftari pamoja na volti zilizokutwa, ampea zilizosomwa kabla na baada, gramu za gesi kama imewekwa, na kipuri kilichotolewa kiachwe kwa mwenye nyumba. Fundi umeme naye aonyeshe leseni yake, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA. Anayekataa kuandika namba hizo kwenye risiti hajapima, na bei yake ijadiliwe kwa msingi huo.